Kurudi Kwataka Moyo: Waliotoka Ng'ambo Wakashukia Thika na Ruiru

Neno "kurudi" katika lugha yetu lina maana tatu, msomaji mpenzi, na kila moja ina wenyewe. Ya kwanza ni ya msafiri: aliyetoka kwao akaenda, kisha akageuza uso akaja alikotoka, huyo amerudi. Ya pili ni ya mafundi cherehani: nguo mpya ikitiwa majini ikapungua, mikono ikawa mifupi na kifua kikabana, fundi husema nguo imerudi. Ya tatu ni ya wazazi na walimu: mtoto akipotoka, mzazi humrudi, yaani humtia adabu apate kunyooka. Kwa muda mrefu nilidhani maana hizi zimekutana katika neno moja kwa bahati tu, mpaka nilipokwenda kuwazuru watu waliorudi Thika na Ruiru baada ya kuishi nchi za watu miaka mingi. Huko niliwaona watu ambao maana zote tatu zimewapata kwa pamoja.

Kwanza nijieleze, isije ikasemwa mtu wa Pwani ametafuta nini katika miji ya bara. Nimezaliwa Mombasa na chuoni nimesomea Mombasa. Lakini nilipokuwa mtoto nilikaa Thika miaka minne kwa ami yangu, aliyekuwa fundi cherehani katika mtaa wa Majengo. Nilikwenda shule asubuhi, jioni nikampigia pasi ya makaa, na usiku akanisikiliza juzuu nilizohifadhi nisije nikazisahau. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilifanya kazi Muscat miaka kumi na mmoja kabla ya kurejea Mombasa. Kwa hiyo habari ya kukaa mbali na kurudi si hadithi niliyoisikia barazani tu.

GHAIBU NI NINI?

Siku hizi watu husema "ughaibuni" kwa maana ya nchi za ng'ambo. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo limetokana na ghaibu, yaani jambo lisiloonekana kwa macho. Sisi tuliokaa juu ya majamvi ya chuoni twalijua tangu utotoni. Nalipenda kwa sababu linasema kweli. Mtu aliye ughaibuni hakufa wala hakupotea, ila haonekani. Sauti yake husikika katika simu, fedha zake hufika, picha yake hutundikwa ukutani, lakini mwenyewe hayupo penye msiba wala penye karamu.

Na fedha hizo si haba. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani dola za Marekani bilioni 4.19 katika mwaka 2023, na mwaka 2024 zikakaribia dola bilioni 5. Kiasi hicho kimeshinda yale tunayopata kwa kuuza majani ya chai, na nusu yake au zaidi hutoka Marekani. Anayetaka kuziona fedha hizo kwa macho asiende benki. Na apande matatu Nairobi ashike njia ya Thika, atazame kulia na kushoto. Ataona magorofa yamepangana kama meno ya kitana, mengine yamekwisha, mengine yamesimama na nondo zimetokeza juu zikingoja mwenyewe atume tena.

BARABARA NA VIWANDA

Nilipokuwa mtoto njia ile ilikuwa nyembamba, na mashamba ya kahawa yaliifuata pande zote mbili. Leo ni barabara kuu ya kilomita 50 hivi, yenye njia nane katika sehemu kubwa, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012. Aliyeondoka kabla ya mwaka huo akarudi leo hujikuta mgeni kabla hajafika kwao. Hajui ashukie wapi. Kituo alichokijua kimeliwa na daraja, na duka lililokuwa alama yake limehama au limevunjwa. Utamwona amesimama juu ya kivuko cha waenda kwa miguu akigeuka huku na huku, na kijana wa bodaboda anamwita kwa Kiingereza, maana amekwisha mtambua kwa viatu.

Thika yenyewe ni mji wa reli na viwanda. Reli ya kutoka Nairobi ilifika mwaka 1913, na tangu hapo mji ukakua kwa katani, kahawa, mananasi, ngozi na nguo, hata ukaitwa Birmingham ya Kenya. Ami yangu hakuwa na sababu nyingine ya kuhamia bara ila hiyo: alisema penye kiwanda cha nguo, sindano hailali na njaa. Asubuhi king'ora kililia, na watu waliteremka kutoka Makongeni na Majengo kama maji ya mto Chania wakati wa masika. Mintarafu ya viwanda hivyo, vingine vipo mpaka leo na moshi wao bado wapanda. Lakini kuanzia miaka ya 1990, milango ya biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamiminika sokoni, viwanda kadhaa vya nguo nchini vilifungwa au vikapunguza watu. Wengi walioachishwa kazi wakati ule ndio waliotafuta pasipoti. Hivyo ukimwuliza mtu wa Thika wa umri wangu kwa nini alikwenda ng'ambo, mara nyingi hatakutajia tamaa ya mali. Atakutajia king'ora kilichonyamaza.

Jina la Thika limevuma duniani kwa kitabu cha mtu aliyerudi kwa kumbukumbu tu. Mwanamke Mwingereza, Elspeth Huxley, aliletwa huko angali mtoto kabla ya Vita Kuu ya kwanza, wazazi wake walipokuja kupanda kahawa. Kitabu chake juu ya miti ya maua mekundu ya Thika kilitoka mwaka 1959, naye akiishi Uingereza, na mwaka 1981 kikafanywa mchezo wa televisheni. Basi dunia nzima ikaijua Thika ya shamba moja la mzungu, ilhali Thika ya Majengo, ya mafundi cherehani na wachuma kahawa, haikupata mwandishi wa kuipeleka mbali kiasi hicho. Hilo nalo ni fundisho: kila aondokaye huondoka na mji wake mwenyewe kichwani, na akirudi huutafuta huo, si ule wa majirani.

RUIRU YA MIBUNI

Ruiru imegeuka kuliko Thika. Wakulima wa kahawa wanaijua kwa kituo chake cha utafiti, kilichotoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yenye nguvu ya kushindana na ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Lakini mibuni yenyewe imekuwa ikipisha nyumba. Mashamba yaliyokuwa ya kampuni na vyama vya ushirika yamekatwa vipande vya futi hamsini kwa mia, kila kipande na ukuta wake na lango lake la chuma. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Ruiru ilikuwa na watu 238,858. Katika ile ya mwaka 2019 walikuwa 490,120, kukaribia maradufu ya Thika yenyewe iliyohesabiwa watu 251,407. Katika miaka kumi tu kitongoji kilichokuwa kikipitwa na mabasi kimekuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya nchi.

Huko nilikutana na bwana mmoja wa miaka sitini na moja, na jina lake nitalistahi. Aliondoka Ruiru mwaka 1998 akaenda Marekani, jimbo la Massachusetts, akafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba za kutunzia wazee. Alifanya zamu za usiku miaka ishirini na minne. Kila mwezi alimtumia ndugu yake mdogo fedha, kwanza za kununua kipande cha ardhi, kisha za kujenga. Aliporudi mwaka 2022 alilikuta jengo limesimama kweli, ghorofa tatu, limejaa wapangaji, na nguo zimeanikwa kila roshani. Tofali zote zilikuwapo. Ila hati ya kumiliki ardhi ilikuwa na jina la ndugu yake.

"Ukitaka kuhukumu, mzee, usihukumu upesi," aliniambia tukinywa chai katika hoteli ndogo karibu na Kamakis. "Mimi nilichukua uraia wa Marekani mwaka 2006. Ndugu yangu akaniambia ardhi haiwezi kuandikwa jina la mtu asiye Mkenya. Na alikuwa na haki kusema hivyo."

Ni kweli. Katiba ya zamani haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyeshika wa ng'ambo kwa hiari yake aliupoteza wa Kenya. Na shamba la kahawa lililokatwa nje ya mji lilikuwa bado ni ardhi ya kilimo, ambayo sheria haikumruhusu asiye raia kuinunua. Katiba mpya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iligeuza mambo. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi tena uraia wake kwa kushika wa nchi nyingine, na aliyeupoteza zamani ana haki ya kuomba arudishiwe. Bila ya hivyo huhesabiwa mgeni, na mgeni kwa Katiba hiyohiyo hapewi ardhi ila kwa kukodishwa, kwa muda usiozidi miaka 99. Bwana yule aliomba akarudishiwa uraia. Basi nikamwuliza kilichobaki ni nini, maadamu sheria haizuii tena.

Alikaa kimya, kisha akasema: "Kilichobaki ni mama."

Mama yao alifariki mwaka 2020, wakati ndege za abiria kutoka nchi za nje zilipokuwa zimesimamishwa kwa sababu ya korona. Yeye aliyaona mazishi katika simu, amesimama katika chumba cha kubadilishia nguo huko kazini, na saa mbili baadaye alirudi kumwogesha mama wa mtu mwingine. Ndugu yake ndiye aliyemlea bibi yule miaka yote, akampeleka hospitali, akamfumba macho na akamzika. Walipokaa mbele ya wazee wa ukoo kuzungumza juu ya hati, ndugu mdogo hakukana kupokea fedha. Alisema neno moja tu: "Wewe ulituma pesa. Mimi nilikuwako."

Msomaji, hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na ndipo nilipoona kuwa magazeti yetu hulisimulia nusu. Twapenda kuandika habari za ndugu walaji, waliotumiwa fedha za nyumba wakanywea pombe, au waliotuma picha ya nyumba ya jirani wakasema ndiyo hiyo. Wapo, na wanastahili sheria iwashike. Lakini wapo pia hawa ambao daftari lao ni gumu kulifunga, kwa kuwa upande mmoja umeandikwa kwa dola, na wa pili umeandikwa kwa usiku wa kukesha kando ya kitanda cha mgonjwa. Nani atabadilisha fedha hizi kwa zile, na kwa bei gani?

Bwana yule ameamua hivi: kodi yote iliyopita, ya miaka zaidi ya kumi, amemwachia ndugu yake, nayo aihesabu kuwa ni ujira wa kumlea mama. Hati anaitaka. Siku niliyoagana naye ndugu yake alikuwa hajajibu. Wakili wake amemwambia aende mahakamani, naye amesema atangoja mpaka wamalize kulijengea kaburi la mama, maana kazi hiyo wameianza pamoja.

MIZIGO HUTAZAMWA KWANZA

Si kila arudiye hurudi na magorofa. Thika, katika Majengo ile ile niliyolelewa, nilimkuta dada mmoja aliyekwenda Riyadh mwaka 2016 kufanya kazi za nyumbani. Alimwacha mwanawe wa miaka miwili kwa mama yake. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, akakaa sita. Pasipoti ilishikwa na mwajiri tangu siku ya kwanza, na mishahara ya miezi mitano ya mwisho hakuiona. Nchi ile ililegeza masharti ya wafanyakazi wa kigeni mwezi Machi 2021, wapate kuhama kwa mwajiri na kutoka nchini bila ya ruhusa yake, lakini watumishi wa nyumbani hawakuingizwa katika faida hiyo. Kwa hiyo alingoja mpaka mwenye nyumba aliporidhika.

"Walinipokea vizuri," alisema, "lakini mizigo ilitazamwa kwanza. Nilikuwa na sanduku moja. Jirani akaniuliza, mengine yanakuja na meli?"

Hakulia aliposimulia hayo. Alitokwa na machozi alipofika kwa mtoto. Mtoto alikuwa na miaka minane, akimwita bibi yake "mama", naye akimwita "anti". Kila ada ya shule aliyotuma ilikuwa imelipwa, kila sare ilikuwa imenunuliwa, bibi hakula hata senti. Lakini mtoto halelewi kwa risiti. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi naongeza kuwa mkono wa mbali haumbembelezi mtoto.

Alifanya nini? Kwa akiba iliyobaki alinunua cherehani, akakodi kibaraza, akaanza kushona sare za shule. Hakumkataza mtoto kumwita bibi "mama". Alimwita mezani kwake kila jioni amsaidie kukata nyuzi, wakae pamoja bila ya kulazimishana maneno. Nilimwuliza kama ameona badiliko. Akasema kitambaa kipya hakikatwi siku kinaponunuliwa. Hutiwa maji kwanza, kikaanikwa, kikarudi, ndipo kikapimwa. Ami yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo, na maneno aliyokuwa akisema yalikuwa karibu na hayo.

WAKUBWA NAO WALIRUDI

Nchi hii iliwahi kuongozwa na mtu aliyerudi. Jomo Kenyatta alikwenda Uingereza mara ya pili mwaka 1931, akakaa miaka kumi na mitano, akasoma, akaandika kitabu juu ya mila za Wakikuyu kilichotoka mwaka 1938, na wakati wa vita akafanya kazi za shamba. Alishuka melini Mombasa mwezi Septemba 1946, akaenda kwao Ichaweri, Gatundu, si mbali na Thika. Alimwacha Uingereza mke wake Edna na mtoto mdogo. Kwa hiyo hata kurudi kwa shangwe kulikuwa na mtu upande wa pili aliyeachwa bandarini. Akarudi tena Gatundu tarehe 14 Agosti 1961, safari hiyo kutoka kifungoni, na nyumba mpya ilikuwa imejengwa kumngojea.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, mtu wa Limuru katika wilaya hiyohiyo ya zamani ya Kiambu, alirudi mwaka 2004 baada ya kuwa uhamishoni miaka ishirini na miwili. Uwanja wa ndege ulijaa watu. Hazikupita wiki mbili, majambazi wakamvamia yeye na mkewe katika nyumba waliyofikia Nairobi, wakawaumiza vibaya. Alirejea Marekani, na huko ndiko alikofia tarehe 28 Mei 2025. Nawataja wakubwa hawa ili mdogo asiyekuwa na jina, akiona mji wake umempokea kwa uso wa ajabu, asidhani ni yeye peke yake.

ADABU YA KURUDI

Mabaharia wetu wana msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yaani hata ukienda nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi katikati, penye maji ya kukumbwa. Msemo huu huchukuliwa kuwa ni wa faraja, kwamba mtu lazima atarudi kwao. Lakini aliyewahi kupanda jahazi anajua kuwa ngamani si mahali pa kupumzikia, ni mahali pa kazi. Anayeteremka huko hupewa ndoo akumbe maji pamoja na wenziwe. Hivyo ndivyo nionavyo kurudi. Waliobaki nao walisafiri, ingawa hawakupanda ndege: walivuka miaka ile ile, wakazika, wakaoza, wakafungiwa viwanda, wakajengewa barabara juu ya vichwa vyao. Arudiye akitaka asikilizwe habari za theluji, na awe tayari kusikiliza habari hizo pia.

Kwa walio mbali na wanaojenga, nasaha yangu ni chache. Hati na iandikwe mapema kwa jina la mwenyewe, na aliyepoteza uraia auombe kabla ya kununua. Upekuzi katika ofisi ya ardhi ufanywe na wakili ambaye si ndugu, ili ndugu abaki ndugu. Na anayemlea mama awekewe fungu lake wazi tangu mwanzo, litajwe kuwa ni lake, wala lisichanganywe na fedha za saruji. Nimeona nyumba za ghorofa tatu zikishindwa kubeba neno ambalo lingalisemwa siku ya kwanza kwa dakika tano.

Na kwa sisi tuliobaki majumbani, au tuliotangulia kurudi: tuache kuhesabu masanduku. Aliyerudi na sanduku moja huenda amekuja na afya yake, nayo ni mali ambayo wengine walioondoka pamoja naye hawakujaliwa kurudi nayo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini siku hizo mbili ni zake, tusimnyime.

Nafunga kwa ubeti mmoja nilioutunga njiani, matatu ikiwa imekwama Githurai:

Mji haungoji mtu, hukua kila mahali,
Palipokuwa na mwitu, leo ni nyumba za ghali,
Ndugu uliye mwenzetu, bisha hodi kwa adili,
Mgeni hata wa kwetu, hupewa jembe alime.